Muhtasari kwa Kaka

Nianze na hili ili tusisumbuane: aliyechagua ni mimi. Asitafutwe mwingine. Mdogo wetu alishauri vingine, Dada Mkubwa alisema "nyie mnajua", na Kaka aliuliza swali moja tu. Aliyebonyeza ni mimi, kwa kidole changu hiki, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Kwetu tuko wanne. Dada Mkubwa ni mkunga. Anamfuata Kaka, fundi wa kusuka mota: pampu za maji, feni, mashine za kusaga, chochote chenye waya wa shaba tumboni. Mimi ni wa tatu, katibu muhtasi kwenye ofisi ya wasafirishaji wa mizigo, ndiyo maana hata nyumbani wananiita Katibu. Kitinda mimba tunamwita Mheshimiwa, jina alilolipata akiwa na miaka minane kwa sababu alikuwa akikohoa kwanza ndipo aombe chai. Leo ni mtu mzima, anafanya kazi ya bima, anaishi mji mwingine, na bado anakohoa kwanza.

Miaka sita iliyopita Kaka aliugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa wiki tano. Akatoka na mikono yake, akili zake na utani wake, ila masikio yalikuwa yamekwenda, yote mawili, jumla. Mkewe alivumilia mwaka na nusu, kisha akaondoka. Kazi hakuiacha hata siku moja. Anaiwekea mota kiganja, anafumba macho, halafu anakwambia beringi imekufa, na kweli unaikuta imekufa. Kuongea anaongea vizuri tu, ila kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, maana hajisikii.

Sisi wengine tulijifunza tabia mbaya, na nitaisema kama ilivyo. Kaka akitutazama, tunaongea taratibu, tunafumbua midomo asome. Akigeuza uso tu, basi, tunasema tunachotaka, palepale, mita moja kutoka mgongoni kwake. Ameinama kujipakulia wali, Mheshimiwa anasema, "Huyu naye anazidi kuzeeka vibaya." Akiinua kichwa, wote tunamchekea. Hakuna aliyekaa akaamua tuishi hivyo. Ilianza tu, ikazoeleka, kama watu wanavyozoea mlango usiofunga.

Kila Jumapili alasiri tulikuwa na kikao cha familia kwa simu, wote kwenye laini moja. Kaka hakuwamo, angekuwamo vipi? Kikao kikiisha mimi ndiye niliyekaa nikamwandikia muhtasari. Mheshimiwa akisema, "Sasa yeye tunamuuliza wa nini, si kupoteza muda?" mimi namwandikia Kaka: mdogo wako anaomba maoni yako ukipata nafasi. Dada Mkubwa akisema amechoka kupigia mtu kelele kama anauza samaki, mimi naandika: Dada anakukumbuka sana. Sikuona kwamba ni uongo. Niliona ni upendo, na sehemu yangu moja bado inaona hivyo, mnisamehe.

Basi bosi wangu akaja na habari ya programu inayosikiliza kikao na kuandika kila neno yenyewe. Nilinuna. Miaka kumi na saba naandika kumbukumbu za vikao vya watu, leo naletewa mashine? "Siyo kukufukuza," akasema, "ni kukupumzisha." Nawajua watu kadhaa waliopumzishwa. Lakini kazi ni kazi. Nikapewa wiki mbili nizijaribu aina zake mbili, nimwambie ipi itafaa.

Moja ni ya mtandaoni. Huisakinishi popote; unafungua linki, hata kwenye simu, na kila aliyealikwa anaona maneno yakijiandika pale pale watu wanapoongea, jina la msemaji likiwa pembeni. Shida yake ni intaneti. Ikitetereka, sentensi inakatika katikati, na huwezi kuizuia isiandike kilichosemwa. Nyingine ni ya kusakinisha kwenye kompyuta. Hiyo haina habari na intaneti, sauti inabaki ndani ya mashine yako, na maandishi yanakuja kikao kikishaisha, kwako peke yako. Unayasoma, unayarekebisha, ndipo unawapa wengine. Laptopu inapata joto na feni inalia, lakini siri zako zinabaki kwako.

Kwa ofisi sikusumbuka: ya kompyuta. Wakurugenzi wetu wakitukanana wanatukanana kweli, lazima mtu apite na fagio kabla karatasi haijatoka nje. Bosi akakubali. Ila nikaona kwamba kuna na kifurushi cha familia, aina moja tu, unachagua, na unaruhusiwa kubadilisha mara moja. Kesho yake nikaipeleka laptopu karakana kwa Kaka.

Nilimkuta anasuka mota ya pampu, waya umemzunguka mpaka magotini. Nikaweka laptopu juu ya meza yake ya kazi, nikafungua ya mtandaoni, nikasema kwa sauti ya kawaida, bila kubinua midomo, "Kaka, umekula?" Maneno yakajitokeza: Kaka, umekula?

Akaweka koleo chini. Akanitazama mimi, akaitazama skrini, akanitazama tena.

"Sema tena."

"Nasema umekula, au unashindia waya?"

Yakajiandika. Jamani, mtu yule alicheka! Alicheka mpaka akakalia kreti. Akaniambia niseme chochote, nikaanza kumgombeza kuhusu lile shati lake lenye mafuta, nikamtaja na paka wa jirani anayelala kwenye boksi la shaba, na kila kitu kinaandikwa, na yeye anasoma huku kidole kinafuata mstari. Miaka sita nilikuwa sijamgombeza vizuri. Machozi yalinitoka nikajifanya ni moshi wa vanishi ya mota.

Nikamweleza aina zote mbili. Ndipo akauliza swali lake. "Ipi inanipa maneno wakati mnayasema?"

"Hii ya mtandaoni."

"Na ile nyingine?"

"Ile yanakuja baadaye. Nitakutumia."

"Ukishayasafisha."

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye skrini. Yeye akatabasamu, akaokota koleo lake. "Mdogo wangu, Dada hawezi kuwa ananikumbuka sana kila Jumapili kwa miaka sita mfululizo. Hata mimi mwenyewe sijikumbuki hivyo. Sikulaumu. Ila sasa nataka maneno yenyewe, kama yalivyo. Mimi ni mtu mzima."

Ningefanya nini? Mheshimiwa alinipigia jioni ile, akakohoa, akasema, "Dada, chukua ya kompyuta. Mambo ya familia yasizagae huko mtandaoni." Nikamwambia mambo yetu hakuna anayeyataka, hata sisi wenyewe yanatuchosha. Akasema nitajuta. Nikamwambia akalale. Dada Mkubwa akasema nyie mnajua. Nikabonyeza.

Jumapili ya kwanza ilikuwa kama sikukuu. Kila mtu na kamera yake. Kaka katundika skrini ya kompyuta ya zamani ukutani karakana, herufi amezikuza mpaka zinasomeka kutoka barabarani. Mheshimiwa akatoa kichekesho chake kuhusu mteja wa bima aliyekuja kudai fidia akiwa amejifunga bendeji mguu usio wenyewe. Tukacheka, na Kaka akacheka pamoja nasi. Pamoja nasi, mnaelewa? Siyo dakika nzima baadaye, siyo kwa kutuangalia usoni. Nikamwona Dada Mkubwa anajifuta macho kwa kona ya kitenge. Mama, aliyekuwa amekaa ubavuni kwa Dada, akaita jina la Kaka la utotoni, na Kaka akaitika, "Naam, Mama!" kwa sauti iliyotikisa spika za watu wote. Mama akapiga makofi.

Sasa nimfikie Mama, maana ndiye alikuwa jambo lenyewe. Mama ana miaka sabini na tisa, na magoti yamemsusa. Alikuwa akiishi na Dada Mkubwa, lakini Dada alikuwa amehamishiwa zahanati ya mbali sana, nyumba ya kazi chumba kimoja, na Mama hangeweza kwenda naye. Lazima ahamie kwa mmoja wetu. Mheshimiwa yuko ghorofa ya nne na lifti ni pambo. Nilibaki mimi, ninayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, au Kaka, ambaye karakana yake na nyumba yake ni ua mmoja, na yuko hapo kutwa. Kaka alimtaka Mama. Alishasema mara mbili kwa maandishi. Mimi nilikuwa nimemjibu kwa maandishi kwamba tunalifikiria.

Jumapili ya pili akaomba nafasi aongee. Akavuta kamera, akatuonyesha chumba. Alikuwa amekipaka rangi, ameweka kitanda kifupi Mama asipande kama anapanda mti, na juu ya mlango wake mwenyewe amefunga taa nyekundu. "Mama akibonyeza swichi hii ya kitandani," akasema kwa ile sauti yake kubwa, "taa inawaka kila chumba, na karakana pia. Na nikiwa nimelala, kuna mota ndogo chini ya mto wangu. Inatikisika. Haiwezekani nisiamke." Akabonyeza. Taa zikawaka nyumba nzima, akasimama katikati yake ameshika kiuno, uso umejaa fahari kama wa mwanafunzi aliyeshika namba ya kwanza.

"Kazi nzuri sana, Kaka!" nikasema. Nilikuwa wa kwanza. Dada akasema hongera, Mheshimiwa akakohoa akasema amevutiwa mno. Tukaona akisoma hayo ukutani, moja baada ya jingine. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Kisha kukaja mteja wa pampu mlangoni, akatuambia tuendelee, asante sana, akazima kamera.

Akazima kamera. Hakutoka kwenye kikao. Mtu yeyote mwingine duniani angejua tofauti yake. Lakini sisi tulikuwa na miaka sita ya kusubiri uso ule ugeuke, na uso ulikuwa umegeuka. Wote watatu, bila kuambizana, tukalegeza mabega.

Dada Mkubwa ndiye aliyeanza. "Mama kalala chumbani, bora asisikie. Jamani, taa?"

"Taa," akasema Mheshimiwa. "Akianguka bafuni atabonyeza na nini? Atatambaa mpaka kitandani ndipo aombe msaada?"

"Tutamwambiaje sasa? Mlivyomwona pale."

Na hapo mimi, nimpendaye Kaka, mwenye machozi ya vanishi, nikafungua huu mdomo wangu. "Msimwambie kitu. Mwacheni afurahi kwanza, mimi nitamwandikia vizuri kama siku zote. Lakini tusidanganyane. Kumpeleka Mama pale ni sawa na kumwacha peke yake. Nyumba yenye Kaka ni nyumba isiyo na mtu."

Nilisema hivyo. Sikulazimishwa na yeyote, wala sikuwa na hasira. Nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia kuuliza kama chumvi imekolea.

Macho yangu yakashuka chini ya skrini, kwenye maandishi. Yalikuwa hapo yamejipanga vizuri bila kosa hata moja. Katibu: Nyumba yenye Kaka ni nyumba isiyo na mtu. Pembeni, kwenye orodha ya waliohudhuria, tulikuwa wanne. Nikahesabu tena. Dada Mkubwa. Mheshimiwa. Katibu. Fundi.

Kisha tukabaki watatu.

"Alikuwepo?" Dada akauliza. "We, Katibu, alikuwepo?"

"Nilisema!" Mheshimiwa akaruka. "Si nilisema tuchukue ya kompyuta?"

Nilimtukana. Mungu anisamehe, nilimtukana mdogo wangu tusi ambalo sijawahi kulitumia hata barabarani, halafu nikafunga laptopu nikakaa sakafuni nikalia. Baadaye nikaifungua tena. Mwenye akaunti anaweza kufuta, na mwenye akaunti ni mimi. Nikaufuta ule mstari, na wa Mheshimiwa juu yake, na wa Dada. Upumbavu gani huo, mtu ameshasoma? Sijui. Mkono ulikwenda wenyewe, ndiyo kazi unayoijua.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilifika karakana amekaa kwenye kreti lake, hasuki kitu. Nikasimama mbele yake aweze kuona midomo yangu.

"Jana usiku nilifungua tena kuangalia," akasema. "Ule mstari sikuukuta. Nikajiambia, labda nilisoma vibaya. Au labda ile programu ilikosea, mashine nazo hukosea." Akanitazama usoni. "Si hukosea?"

Alikuwa ananifungulia mlango, jamani. Alikuwa amekaa usiku kucha ananitengenezea njia ya kutokea, kama alivyozoea kunitengenezea baiskeli tukiwa wadogo. Nilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu: ndiyo, Kaka, ilikosea. Mimi, niliyeandika uongo mzuri miaka sita, siku ile ndiyo niliyoamua kuwa mkweli.

"Haikukosea," nikasema taratibu. "Nilisema. Nisamehe, Kaka. Nilisema mimi."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, polepole. Akainuka. "Njoo uone," akasema.

Akanipeleka kwenye kile chumba. Akapiga magoti sakafuni, akanionyesha kamba nyembamba nyeupe, imeshikizwa ukutani kwa pete ndogo ndogo, juu ya sakafu kwa kimo cha kiganja. Ilizunguka chumba chote. Ilitoka mlangoni, ikafuata ukuta wa korido, ikaingia bafuni, ikazunguka na huko. "Akianguka, popote alipoanguka, anyooshe mkono tu avute," akasema. Akaivuta pale pale alipopiga magoti, taa zikawaka nyumba nzima. "Jana sikufika huku. Yule mteja alikuja. Nilisema nikirudi nitawaonyesha."

Nilimshika bega nikaanza kumwambia, kwa mdomo, kwa mikono, kwa kila kitu: Mama atakuja hapa, nitawaambia, nitawaonyesha kamba, leo leo. Akanishika mikono yote miwili akaituliza.

"Nimeshawaandikia wote asubuhi. Aende kwako."

"Hapana, Kaka."

"Hofu mnayo, na hofu yenu haitaisha kwa kamba. Kila akipiga chafya mtakuja mbio kuona kama nimesikia. Sitaweza kuishi nikiangaliwa hivyo." Akasimama, akafuta magoti. "Ila Mama asijue mlichosema. Atalia, na atawakasirikia, na ana umri wa kuhitaji watu. Mwambie kazi zimenizidi. Niapie."

Nikamwapia.

Tulikuwa tumefika mlangoni aliposema la mwisho. "Ule mtandao ubadilishe. Chukua ile nyingine, ya kwenye kompyuta yako. Uwe unanitumia baadaye."

"Ulisema unataka maneno yenyewe," nikamwambia. Nilikuwa nalia hata sijui kama alisoma.

"Niliyataka. Nimeyapata, siyawezi." Akanipangusa uso kwa lile shati lake la mafuta. "Wewe endelea kuyasafisha, mdogo wangu. Unayasafisha vizuri."

Mama alihamia kwangu mwisho wa mwezi. Naondoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa kumi na mbili jioni. Jirani anachungulia mchana, akikumbuka. Mama anashinda kitini dirishani na redio, na mezani iko simu ambayo hawezi kuziona namba zake. Hakuna kamba ukutani kwangu. Nyumba isiyo na mtu ni hii, na mimi ndiye niliyeipata kwa kuhukumu ya mwenzangu.

Jumapili iliyopita ndiyo tulifanya kikao cha kwanza kwa ile ya kompyuta. Niliweka laptopu mezani, Mama ubavuni kwangu, Dada na Mheshimiwa kwenye simu ya spika. Feni inalia, taa ndogo ya kurekodi inawaka. Kaka hakuwamo. Tuliongea dawa za magoti za Mama, tukaongea habari za zahanati mpya ya Dada. Tulikuwa tunaagana Mama alipoinua mkono, kama mtu anayeomba ruhusa kwenye mkutano wa hadhara.

"Na mimi niandikwe," akasema. "Mwanangu yule mwenye mota, nilitaka kwenda kwake. Nilishafunga na nguo zangu. Tangu augue nilikuwa nasema, siku moja nitakaa naye, atanishika mkono na mimi nitamshika, wala hatuna haja ya kupiga kelele. Yeye ndiye hakunitaka. Alisema kazi nyingi. Kazi gani inamzidi mtu mama yake? Mwambieni nimesikia. Basi."

Dada alikuwepo, Mheshimiwa alikuwepo, hakuna hata aliyekohoa. Na mimi niliyekuwa nimekaa pale pale, bega langu limegusa lake, nilikuwa na kiapo mdomoni. Nikamshika mkono. Akautoa, akasema anataka kujinyoosha, nikamsaidia mpaka chumbani.

Maandishi yalikuja baada ya robo saa. Nikayasoma. Dawa, zahanati, kicheko cha Dada. Halafu Mama, mistari minane, neno kwa neno, mpaka ile "basi". Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Ningeyatuma kama yalivyo, Kaka angejua kwamba Mama alikuwa amefunga nguo zake kuja kwake. Angejua pia kwamba Mama anamwona ni mtoto aliyemkataa, na kwamba mimi nilikaa pale nikamsikiliza akisema hivyo nikanyamaza. Nikakaa na yale maandishi mpaka feni ya laptopu ikatulia yenyewe. Nilijaribu kubakiza ule mstari mmoja tu, wa kushikana mikono. Lakini niliusoma kwa macho ya Kaka, nikaona angeuliza iliyobaki iko wapi.

Nikafuta yote minane. Nikaandika: Mama hajambo, anasema anaelewa kazi zimekubana, na ana furaha hapa. Nikatuma.

Hazikupita dakika tano akajibu. "Ndivyo alivyosema?"

Chumba cha pili Mama alikuwa hajalala. Nilisikia kitanda kikilia akijigeuza. Nikaandika, "Ndivyo, Kaka," nikamtumia.